“Hana Imani”: Utu wa Asiyeamini katika Riwaya ya Kiswahili, kwa Mtazamo wa Ujiji

Sentensi *hana imani* ina maana mbili katika Kiswahili. Ya kwanza humhusu mtu asiyesadiki mafundisho ya dini. Ya pili humhusu mtu katili, asiyeona huruma. Maana hizi hukaa karibu sana hivi kwamba mzungumzaji huvuka kutoka moja hadi nyingine bila kujitambua. Vivyo hivyo, *asiye na dini* ni maelezo, lakini mara nyingi ni lawama pia. Makala haya yanadai kwamba muunganiko huu wa kimsamiati umeathiri jinsi tunavyoihakiki riwaya inapomsawiri mtu asiyemwamini Mungu. Yanadai pia kwamba historia ya neno jingine, *uungwana*, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika inatuonesha kuwa muunganiko huo si wa lazima.

Mfano mkuu ni *Kichwamaji* (1974) ya Euphrase Kezilahabi. Kazimoto, kijana msomi wa chuo kikuu, anaishi bila tegemeo la imani ya dini, na mwishoni anajiua. Riwaya hii imezoeleka kusomwa kwa mkabala wa udhanaishi, na katika madarasa yetu hoja hujengwa kwa hatua tatu: Kazimoto hana Mungu, asiye na Mungu hana maana ya maisha, asiye na maana hiyo hufa. Hoja hii inakubalika upesi kwa sababu lugha imekwisha kuiandaa. Hata udhanaishi wenyewe hauilazimishi: Albert Camus, katika insha yake ya 1942 kuhusu Sisyphus, alikiri kuwa ulimwengu hautujibu, kisha akakataa kujiua kuwe hitimisho.

Tukirudi kwenye matini tunakuta jambo jingine. Manase, mkuu wa wilaya na mwenzake Kazimoto tangu utotoni, ameyaharibu maisha ya Rukia, dada yake Kazimoto. Kazimoto naye anamkaribia Sabina, dada yake Manase, akiwa na nia ya kisasi. Tangu hapo watu wanaomzunguka wanageuka kuwa vyombo vya kumwadhibia mwingine, na hata anapomwoa Sabina, mbegu ya kisasi imekwisha kupandwa. Kwa hiyo, kabla hatujauliza kama Kazimoto ana imani kwa maana ya kwanza, tunapaswa kuona kwamba amepungukiwa imani kwa maana ya pili. Kinachomwacha mtupu ni kukatika kwa vifungo vyake na watu. Mkasa huo ungeweza kumpata hata mcha Mungu, na Manase, mwenye cheo na heshima, hana nafuu kuliko yeye.

Linganisha na *Utubora Mkulima* (1968) ya Shaaban Robert. Mwandishi huyu alikuwa Mwislamu, na maadili ya dini yamo katika kazi zake. Hata hivyo, kinachoyapa maana maisha ya Utubora katika mtiririko wa hadithi ni matendo: anaiacha kazi ya mjini, anahamia Busutamu, analima, anawafaa jirani zake. Msomaji asiyeamini anaweza kuipokea hadithi hii karibu yote, kwa sababu uzito wake umewekwa juu ya *utu*. Neno hili limeundwa kwa mzizi *-tu* na kiambishi *u-*, na halina ndani yake kiungo chochote cha kiitikadi. Linataja hali ya kuwa mtu, na mtu hupimwa kwa watu.

Je, msamiati wa maadili unaweza kweli kujitenga na dini uliyokulia ndani yake? Hapa ndipo Ujiji inapotufaa. Burton na Speke walipofika hapo mwezi Februari 1858, mji ulikuwa tayari kituo cha wafanyabiashara wa pwani. Huko pwani, *mwungwana* alikuwa mtu huru kwa kuzaliwa. Bara, jina hilo lilidaiwa na watu wasio na nasaba hiyo: wapagazi, walinzi wa misafara, na Wamanyema waliovuka ziwa kutoka magharibi, wengi wao wakiwa utumwani. Walijifunza Kiswahili, wakavaa nguo za pwani, wakafuata Uislamu, wakajiita waungwana. Jina *Kingwana*, lililopewa Kiswahili cha mashariki ya Kongo, ni ushahidi ulio hai wa mchakato huo.

Hivyo neno liliachia kwanza sharti la nasaba. Baadaye liliachia pia sharti la dini moja. Leo Mkristo wa Kasulu mwenye adabu na stahamala huitwa mwungwana bila mtu kuuliza anasali wapi. Sharti lililobaki ni mwenendo. Hakuna sababu ya kisarufi wala ya kihistoria ya kudai kwamba neno lililofika hapo haliwezi kumhusu mtu asiyesali popote.

Pingamizi lipo, nalo ni zito. Uungwana wa Ujiji ulikuwa na kivuli chake: *ushenzi*. Kila aliyeingia mlangoni alimwacha mwingine nje, na biashara iliyoukuza mji ilikuwa pia biashara ya binadamu. Lakini pingamizi hili linaiimarisha hoja. Linaonesha kwamba imani, kwa maana ya kwanza, haikutosha kuzuia ukosefu wa imani kwa maana ya pili. Dini inaweza kuulea utu, na wengi wetu tumelelewa nayo. Haiwezi kuwa kipimo pekee cha utu.

Suala hili si la kinadharia tu. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa mawazo na imani, na tangu sensa ya 1967 taifa halijawauliza raia dini zao katika kuwahesabu. Dola imejizuia kuuliza, ilhali uhakiki wetu unaendelea kuuliza na kuhukumu. Mwanafunzi asiyeamini anayeisoma *Kichwamaji* darasani hufundishwa kwamba kaburi la Kazimoto ndilo lake pia. Huo ni usomaji dhaifu, na ni dhuluma.

Kazi ya mhakiki, basi, ni kuzitenganisha maana mbili za *imani* kila mhusika wa aina hii anapojitokeza. Kazi ya mtunzi ni kumpa mhusika huyo maisha ya kawaida hadi uzee: awe na jirani, deni, wajukuu, na zamu yake usiku katika mtumbwi wa dagaa nje ya Kibirizi. Humo ziwani, mwenzake anayeomba dua na yeye asiyeomba hutegemeana kwa jambo lilelile, yaani kila mmoja kulivuta jarife kwa upande wake na kutomwacha mwenziwe majini.