Njia ya Mbao

Wako wasemao kwamba msitu hauhakikiwi. Ni kweli, lakini njia iliyopitishwa ndani ya msitu ni kazi ya watu, na kazi ya watu hupimwa. Kwa hiyo naiandikia njia ya Jozani kama vile mwingine angeandika juu ya tamthilia.

Jozani iko kiasi cha kilomita 35 kutoka Mji wa Unguja. Tangu mwaka 2004 imo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yenye kilomita za mraba 50 hivi. Mgeni hutembea mara mbili: kwanza chini ya miti mikubwa kwenye kima punju, kisha juu ya mbao zilizopita katikati ya mikoko, upande wa Pete.

Matembezi ya kwanza yana kasoro ya mchezo wenye mhusika mmoja tu. Kima huyu asili yake ni Unguja na visiwa vilivyo jirani nayo, na wageni huja kwa ajili yake. Wakishampiga picha, basi. Mtondoo hupitwa kama nguzo ya simu.

Na hata kima mwenyewe, katika maandishi mengi niliyoyasoma, husimuliwa nusu. Punju ni sumu, na wakulima hawakumpa jina hilo kwa mapenzi. Kila mwandishi hufurahia kueleza kwamba kima hula makaa, ambayo yaaminika humsaidia kuhimili sumu iliyomo katika majani ya miembe na mikungu. Lakini makaa hayaoti. Mengine huyaokota penye matanuri ya wachoma makaa, watu walewale ambao hifadhi imewataka waache miti. Anayesimulia kima bila mchoma makaa ameruka sura nzima ya kitabu.

Njia ya mbao naiona bora zaidi. Haina mhusika mkuu. Maji yakitoka unaona kaa na mizizi iliyosimama kama vidole. Maji yakijaa unaona samaki palepale. Tena haibagui miguu. Nilikwenda na shangazi yangu, mwenye miaka themanini na mkongojo wake, naye hakulazimika kukanyaga tope wala kuruka mizizi. Alitembea polepole akitaja miti: mkoko, mkandaa, mchu. Kisha akasimama.

"Mwanangu," akasema, "boriti za nyumba ya babu yako ni mikoko kama hii. Zamani tukija na shoka. Leo twaja na tikiti."

Hakusema kwa uchungu, wala kwa furaha. Alikuwa akieleza tu, na katika maneno yale machache mlikuwa na historia ambayo sikuikuta katika maandishi yale.

Hukumu yangu basi ni hii. Njia njema humfikisha mwenye miguu dhaifu pale alipofika mwenye nguvu, na kwa hilo mbao za Pete zimefaulu. Iliyobaki ni kazi ya wasimulizi: wamtaje mkata boriti, mchoma makaa na mkulima pamoja na kima. Kila msitu uliohifadhiwa una watu walioacha kitu ili ubaki umesimama, na mgeni aliyelipa kiingilio anastahili kuwajua.