Mstari na Doa: Kuisoma Atlasi ya Ayala wa Wyoming

Msomaji wa Kiswahili akikifungua kitabu *Wild Migrations: Atlas of Wyoming's Ungulates*, kilichotolewa mwaka 2018 na Oregon State University Press, hukutana na tatizo mapema: mnyama mkuu wa kitabu hana jina la uhakika katika lugha yake. Kulungu na paa, majina ambayo kamusi humpa kwa haraka, ni wanyama wengine kabisa, wa Afrika, ambao pembe zao hazidondoki kila mwaka. Linalobaki ni ayala, jina lililoingia kwa mlango wa Biblia, katika Zaburi ya 42, na ambalo wengi wamelitamka kwa miaka bila kuwa na picha ya mwenye jina. Hata kichaka kinachomlisha wakati wa theluji kimepita mlango huohuo, maana ni cha jamii ya pakanga, ule mmea mchungu wa Ufunuo. Kiingereza humwita kwa masikio yake, yaliyo marefu kama ya nyumbu wa kubeba mizigo; lakini kwa kuwa kwetu nyumbu ni pia yule wa Serengeti, tafsiri ya neno kwa neno ingempeleka msomaji Mto Mara, kwenye safari isiyohusika. Basi na aitwe ayala.

Kitabu chenyewe ni kazi ya kuheshimiwa. Matthew Kauffman, Hall Sawyer na wenzao, pamoja na wachora ramani wa Chuo Kikuu cha Oregon, wamefanya jambo ambalo waandishi wengi wa mazingira hulishindwa: wamesimulia bila kulia. Kiini cha masimulizi ni njia ya kutoka Red Desert, jangwa la kusini mwa Wyoming, hadi bonde la Hoback kaskazini. Wataalamu walidhani ayala wa jangwa lile hukaa palepale mwaka mzima. Walipofungwa mikanda ya GPS shingoni, ikadhihirika kwamba majira ya kuchipua sehemu yao hushika njia ya kilomita 240 hivi, kisha hurudi kabla ya theluji nzito. Jike mmoja, aliyepewa namba 255, alipita hata Hoback, akaishia Island Park katika jimbo la Idaho, kilomita 390 hivi kutoka alikoanzia. Njiani mna uzio baada ya uzio, barabara kuu, na mlango mwembamba kati ya Ziwa Fremont na mji wa Pinedale. Ni muundo ambao kila mpenda hadithi anaufahamu: shujaa huondoka, huzuiwa, hupenya, hufika. Na hadithi hiyo haikuwa bure, kwani ardhi ya ule mlango mwembamba ilinunuliwa ili wanyama waendelee kupita.

Kasoro ya atlasi inatoka katika nguvu yake hiyohiyo. Chombo chake ni mstari. Mkanda wa shingoni hurekodi mahali mnyama alipo kila baada ya saa kadhaa. Akitembea, alama hupangana zikawa mstari, nao mstari huvuta jicho. Akitulia, alama hurundikana zikawa doa. Doa halina mwanzo wala mwisho, halisimulii kitu. Msomaji hulipita kama apitavyo jina la kituo ambacho basi halikusimama.

Lakini maisha ya ayala yako katika doa. Utafiti wa Sawyer na Kauffman wenyewe, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa asilimia 95 ya muda wa kuhama hutumika vituoni, mnyama akila majani machanga na kungoja theluji ipande mlimani. Kwa hiyo hata neno ushoroba, ambalo Kiswahili cha uhifadhi kimelichagua kwa njia za wanyamapori, linapotosha kidogo. Ushoroba ni mahali pa kupita. Hakuna anayetandika mkeka ushorobani. Wavuvi wa pwani wana neno lililo karibu zaidi na ukweli: dago. Anayekwenda dago husafiri, naam, lakini kinachompeleka ni kukaa. Hupiga kambi ufukwe wa wenyewe kwa muda ambao samaki wapo, kisha hurejea. Ayala naye ni mwenda dago, na dago lake kubwa kuliko yote ni la majira ya baridi.

Hapo ndipo hadithi inapogeuka, na ndipo mstari unapokosa la kusema. Wakati wa baridi ayala hanenepi. Pakanga na vichaka vingine vilivyochomoza juu ya theluji humpunguzia tu kasi ya kukonda; anachoishi nacho ni shahamu aliyoileta mwilini kutoka milimani. Kazi yake ni kutulia. Kila anaposhtuka akakimbia, huchoma akiba ambayo hataipata tena hadi majani yachipue. Mwandishi gani atatunga sura nzima juu ya mnyama aliyesimama?

Kwenye nyanda za juu zilizo kusini mwa mji wa Pinedale, ambako wenyeji huita Mesa, ayala wa kundi hilo la Sublette wamekaa baridi kwa vizazi. Chini yake kuna gesi. Uchimbaji mkubwa ulianza baada ya idhini ya mwaka 2000. Mwaka 2017 Sawyer na wenzake walichapisha matokeo ya miaka 17 ya kuwafuatilia. Katika miaka 15 ya uchimbaji ayala walikaa, kwa wastani, mita 913 mbali zaidi na viwanja vya visima kuliko walivyokaa kabla, na idadi yao ilipungua kwa asilimia 36. Hayo yalitokea ingawa kampuni zilichimba visima vingi kutoka kiwanja kimoja na kusafirisha vimiminika kwa mabomba badala ya malori, na ingawa idadi ya ayala waliouawa na wawindaji ilishushwa kwa asilimia 45. Kiingereza cha taaluma hiyo, tukitaja kwa kupita, huuita uwindaji huo mavuno, kana kwamba kuna aliyepanda.

Si kwamba waandishi wa atlasi wanaficha jambo. Visima vimo kitabuni, uzio umo, na ni wao waliofanya hesabu zilizotajwa hapa. Suala ni la utungaji: ni nini kimepewa nafasi ya shujaa, na nini kimewekwa kama mandhari. Mstari ukikatwa, kila mtu anaona. Uzio ni uzio, na dawa yake yaweza kupigwa picha: magharibi mwa Pinedale yalijengwa madaraja ya wanyama juu ya barabara kuu, yakakamilika mwaka 2012, na picha zake zinapendeza kweli. Dago la baridi halikatwi. Hupungua kutoka ndani, bila mnyama hata mmoja kuzuiwa asifike. Ayala wa Mesa waliendelea kufika. Walikuta viwanja vya changarawe mahali palipokuwa na pakanga, wakasogea kando, wakala kilichobaki.

Kisha huja baridi kama ile ya 2022 hadi 2023, iliyoua ayala kwa wingi kusini-magharibi mwa Wyoming. Waliotangulia kufa ni watoto wa mwaka ule, walioingia theluji na shahamu kidogo. Wakifa majike wakubwa, hufa pia ujuzi wa njia, maana ayala hushika njia yake mwaka hadi mwaka, na mtoto huijifunza kwa kumfuata mama. Kwa maana hiyo hata ule mstari unaopendwa huanzia katika doa.

Toleo jingine la atlasi lingekabiliwa na ugumu wa kweli, usiotatuliwa kwa nia njema. Katika ramani ya kipimo cha 1 kwa 500,000, kilomita 240 za Red Desert hadi Hoback hujaza karibu nusu mita ya karatasi. Mita 913 hazifiki milimita mbili.