Mikono Iliyofunga Msonge

Anayetaka kuijua kazi ya fundi wa msonge asikae sana nje. Ainame, aingie, asubiri macho yazoee giza, kisha aangalie juu. Kwa nje ni nyasi tu. Ndani ndiko fundi alikomaliza akili yake: pete za matete zilizofungwa kwa kamba, moja chini ya nyingine, zikipanuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Hakuna msumari. Hakuna ramani ya karatasi. Mviringo wote ulikaa kichwani mwa mtu mmoja, na wenzake waliufuata kwa macho na kwa kukaripiwa.

Nilimwona mwanafunzi akiligundua jambo hilo kwa mara ya kwanza, na aliligundua ugenini. Tulikuwa tumewapeleka Kampala vijana wa sekondari kutoka kwetu Muleba, mkoani Kagera, ziara ya mafunzo, miaka michache kabla ya 2010. Tulipita Bukoba, Kyaka, tukagongewa mihuri Mutukula, tukaingia Kampala usiku. Kulipokucha walitaka kuona kila kitu mara moja: uwanja wa teksi uliojaa vibasi vyeupe, Makerere, kanisa la Namirembe na la Rubaga yakitazamana kila moja juu ya kilima chake. Binti mmoja aliandika kila alichoona kwenye daftari.

Mchana tukapanda Kasubi, walikozikwa Kabaka wanne wa Buganda: Muteesa wa Kwanza, Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili. Jumba lao, Muzibu-Azaala-Mpanga, lilijengwa 1882 kuwa ikulu, na miaka miwili baadaye Muteesa wa Kwanza akazikwa humo. Tulivua viatu, tukaketi juu ya mikeka iliyotandikwa juu ya nyasi. Mbele yetu pazia la lubugo, kitambaa cha gome la mti, lilificha makaburi. Vijana wengine wote walilikodolea macho pazia. Yule binti aliinua uso akawa anafuata pete za paa, ambazo mwenyeji wetu alisema ni 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Daftari lilikuwa limefungwa. Akaninong'oneza, "Mwalimu, hii si ndiyo nyumba anayotusimuliaga bibi?"

Ndiyo, ilikuwa hiyo, ingawa ya bibi yake ilikuwa ndogo zaidi. Mtoto wa Ihangiro, huko huko Muleba, alivuka mpaka wa nchi ndipo akaiona nyumba kama ile alimozaliwa bibi yake.

Mimi niliwahi kuingia katika msonge wa kwetu nikiwa mdogo, kwa mzee mmoja wa ukoo, upande wa Kamachumu. Mlango ulikuwa mfupi, hata mkubwa wa serikali aliingia ameinama. Sakafuni nyasi mbichi zilinukia. Mgeni alipewa akamwani, kahawa ya kutafuna, kabla ya kuulizwa shida yake, na upande mmoja ng'ombe walisikika wakicheua. Moto wa mafigani haukuachwa uzimike. Nilidhani ni kwa ajili ya chakula na baridi, mpaka mzee aliponiambia kwamba moto ule ni wa paa. Moshi ulipanda polepole, ukapenya nyasi, ukafukuza wadudu, ukazipaka fito masizi hadi zikang'aa kwa weusi. Nyumba isiyokokwa moto huoza. Kwa hiyo kazi ya fundi haikukamilika siku aliyoshuka kutoka paani. Wenye nyumba waliiendeleza kila jioni kwa kuni na magome, bila kujua kwamba wanajenga.

Mzee alipenda kunionyesha kitu kimoja kuliko vyote: ukingo wa nyasi juu ya mlango, mnene, uliokatwa sawasawa kama nywele za bwana harusi. Alikuwa akiupapasa kwa kiganja kila atokapo nje. Alimkumbuka fundi aliyeukata, jinsi alivyokuwa akirudi nyuma hatua kadhaa, akautazama, akarudi tena kupunguza unyasi mmoja ambao hakuna mwingine aliyeuona. Leo nikipita barabarani na kuona mabati yaliyopigiliwa kombokombo, ncha zake zikining'inia hewani, huwaza juu ya unyasi ule.

Simlaumu aliyenunua bati. Kahawa ilipoleta fedha katika miaka ya 1920, bati likawa heshima, na nyasi kwa kweli huvuja, hushika moto, hudai kazi kila mara. Ninachosikitikia ni kwamba tuliacha msonge pamoja na mtu wake. Utawala wa machifu ulipofutwa baada ya Uhuru, nyumba kubwa za Bakama, wafalme wetu, zilikosa wa kuzidai, na ndizo zilizowapima mafundi. Kisha likaja lile lingine. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baada ya hapo tulizika watu wenye nguvu, wakabaki wazee na wajukuu. Ufundi wa kuezeka hutoka kwa baba kwenda kwa mwana mwenye mabega. Mwana huyo ndiye tuliyemzika.

Kasubi imesimama si kwa sababu Waganda wanapenda mila kutuzidi sisi. Kuezeka pale ni wajibu wa ukoo wa Ngeye, na mtoto wa Ngeye huzaliwa na deni hilo. Jumba lilipoungua usiku wa Machi 16, 2010, watu walilia, lakini kulikuwa na wa kuitwa. Kazi ya kulijenga upya ilichukua zaidi ya miaka kumi, vijana wakafundishwa na wazee, na mwaka 2023 UNESCO ikaliondoa eneo lile katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kwetu, wanakijiji wa Katuruka, huko Maruku, walijitahidi wenyewe kuisimamisha tena nyumba ya kumbukumbu ya Mfalme Rugomora Mahe, na nawaheshimu sana kwa hilo. Ila Katuruka ni kijiji kimoja.

Na fundi akipatikana, ataezeka kwa nyasi zipi? Nyasi za msonge zilikatwa rweya, yaani mbugani, na rweya ilikuwa ya wote: uliamka na mundu wako, ukarudi na mzigo kichwani. Sasa sehemu kubwa ya rweya, Bukoba hata Muleba, imepandwa misonobari na mikaratusi, ina mipaka na ina wenyewe. Anayehitaji mzigo wa nyasi aanze kwa kutafuta mwenye shamba, kisha waelewane bei.