Kati ya PIN na Risiti: Duka la Mtandaoni la Kisauni Linavyolipwa

Kinachofika kwenye duka la mtandaoni ni habari ya pesa. Pesa yenyewe inahama ndani ya mitambo ya Safaricom, kutoka akaunti ya mteja hadi ya mwenye duka, na duka huambiwa baadaye. Mara nyingi baadaye hiyo ni sekunde chache, mara nyingine ni dakika kadhaa, na mara mojamoja habari haifiki kabisa. Wafanyabiashara wa Kisauni, Likoni na Changamwe, hapa Mombasa, wanaoanza kuuza mtandaoni hutumia muda mwingi kwenye picha, rangi na maelezo ya bidhaa, kisha kitufe cha kulipia kinapachikwa mwishoni, siku moja kabla ya kufungua. Nadhani mpango huo umepinduka. Duka lianze kujengwa kwenye kile kipindi kifupi ambapo mteja ameshaweka PIN na duka bado halijui lolote, kwa sababu hasara nyingi huzaliwa hapo.

M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu ya Safaricom, ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa ya mtu kumtumia mtu. Muuzaji wa Kongowea alipata SMS, akaisoma kwa macho yake, akatoa mzigo. Duka la mtandaoni halina macho, kwa hivyo waandishi wa programu wa miaka ile walitafuta njia ya mkato: simu ya muuzaji iliunganishwa na kompyuta, na programu ikasoma kila SMS inayoingia, ikachomoa kiasi, jina na namba ya risiti, ikavilinganisha na oda zilizopo. Kazi hiyo ilikuwa ya akili sana, na ilikatika kila simu ilipoishiwa na chaji au maneno ya SMS yalipobadilishwa kidogo. Lipa na M-Pesa ya 2013 iliwapa maduka namba zao za kupokelea, zinazoitwa till. Kuhusu mitambo yenyewe, kuna jambo ambalo Mpwani analisikia kwa uzito wake: nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa mwaka 2009, lakini hadi Aprili 2015 mitambo ya M-Pesa ilikuwa Ujerumani. Mtu wa Likoni akimlipa mtu wa Changamwe, habari ya malipo ilikwenda Ulaya na kurudi.

Mlango mpana ulifunguliwa mwaka 2017, Safaricom ilipotoa Daraja, njia ya kuunganisha programu yoyote na M-Pesa kwa lugha ya kawaida ya wavuti. Tangu hapo mwanafunzi aliye chumbani kwake Magongo anaweza kujisajili bure, akajaribu malipo kwa namba ya mazoezi 174379, na jioni hiyohiyo akaona simu yake ikimuuliza PIN.

Tuchukue mfano. Duka linauza madera na mitandio, stoo iko Mtopanga, mteja yuko Mtongwe. Ameagiza madera mawili kwa KSh 1,800, na usafiri ni KSh 300. Anapobonyeza Lipa, seva ya duka inaomba kwanza tokeni ya kuingilia, ambayo hudumu saa moja. Halafu inatuma ombi lenyewe: namba ya biashara, kiasi, namba ya simu itakayolipa ikianza na 254, tarehe na saa, rejeo la oda lisilozidi herufi 12, na anwani ambayo Safaricom itapeleka jibu. Nywila ya ombi hutengenezwa kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo wa siri na hiyo tarehe na saa, kisha kuusimba mfuatano huo.

Kuna mitego midogo hapa. Kiasi lazima kiwe shilingi kamili. Ukitoa punguzo la asilimia 15 kwenye mtandio wa KSh 1,250 unapata 1,062.50, na ombi litakataliwa. Amua mapema kama unapandisha au unashusha, na bei anayoiona mteja kwenye skrini ifuate uamuzi huohuo. Wenye till nao huchanganya namba mbili walizopewa. Kwenye ombi, mahali pa namba ya biashara panakaa namba ya duka, na till inawekwa upande wa mpokeaji. Ukizibadilishana utapata ujumbe wa kosa usiokwambia kosa liko wapi.

Ombi likikubaliwa, Safaricom hujibu papo hapo kwa msimbo 0. Hapa nataka msomaji asimame, maana sifuri hii ndiyo inayosomwa vibaya kuliko kitu chochote kingine katika kazi hii. Inasema kwamba ombi limepokelewa. Pesa haijasogea hata senti, na simu ya mteja kule Mtongwe ndiyo kwanza inawaka. Programu inayoandika "imelipwa" kwa sifuri hii itatoa madera bure kwa kila mteja atakayebonyeza na kughairi.

Jibu la kweli ni la pili, linalotumwa kwenye ile anwani ya duka baada ya mteja kuweka PIN au kukataa. Nalo lina msimbo wake. 0 ni pesa imeingia, ikifuatana na risiti ya herufi na tarakimu 10. 1 ni salio halitoshi. 1032 ni mteja ameghairi. 1037 ni simu haikupatikana au mwenyewe hakujibu. 2001 ni PIN si sahihi. Maduka mengi yanaimeza misimbo hii yote na kumwonyesha mteja sentensi moja, "Malipo yameshindikana". Hilo linamkosea mtu heshima. Aliyekosea PIN anahitaji kuambiwa ajaribu tena, ambaye simu haikupatikana anahitaji kuambiwa aangalie mtandao, na aliyepungukiwa na salio anahitaji nafasi ya kuweka namba ya simu nyingine. Hilo la mwisho ni muhimu kwetu. Anayeagiza dera na anayelilipia mara nyingi ni watu wawili, mume, dada, au mtoto anayefanya kazi bandarini. Sehemu ya namba ya kulipia itenganishwe na namba ya kupokelea mzigo tangu mwanzo.

Sasa tuingie kwenye kile kipindi kifupi. Mteja ameweka PIN, SMS ya Safaricom imemfikia, na skrini ya duka bado inazunguka. Huenda seva ya duka ilikuwa imezima wakati jibu linapita. Mteja anafanya linalofanywa na kila mtu, anabonyeza tena. Kama duka halikujiandaa, ombi la pili linaondoka na analipa KSh 2,100 mara mbili. Dawa yake ni ya kazi kidogo: oda iwe na hali ya kusubiri, namba ya ombi iliyotolewa na Safaricom ihifadhiwe papo hapo, na kitufe kikatae ombi jipya mpaka la kwanza lijulikane mwisho wake. Jibu lisipokuja ndani ya dakika moja au mbili, duka liulize lenyewe. Daraja ina swali maalumu la kuulizia hali ya ombi, na nashangaa ni wachache kiasi gani wanaolitumia.

Lipo pia la usalama. Jibu linalofika kwenye anwani ya duka halina saini ya kidijitali ya kuthibitisha limetoka wapi. Yeyote atakayeijua anwani hiyo anaweza kutunga jibu lenye 0 na risiti ya uongo. Basi duka lisiliamini kwa sura yake. Liangalie kama namba ya ombi ni ile lililoihifadhi lenyewe, kama kiasi ni kilekile, kama limetoka kwenye seva zinazojulikana za Safaricom, na kwa mzigo wa thamani kubwa liulize tena Safaricom kabla ya kuupakia. Risiti moja iingie kwenye hifadhidata mara moja tu. Ikija tena, ipuuzwe.

Hayo yote ni ya mteja aliyelipa kupitia kitufe. Wateja wetu wengi hawapitii huko. Wameona picha WhatsApp, wameona namba ya till chini yake, wametuma kwa mkono, kisha wakaandika: "Nishatuma, angalia." Malipo ya till ya namna hii hayabebi namba ya oda. Asubuhi moja zikiingia KSh 1,200 tatu, ya nani ni ipi? Zamani duka lililounganishwa na Daraja lililinganisha namba ya simu. Njia hiyo imefungwa, kwa sababu malipo ya mkono sasa hufika kwenye programu ya duka namba ya mlipaji ikiwa imefichwa tarakimu za katikati au imesimbwa kabisa. Binafsi naliunga mkono badiliko hilo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwanamke aliyenunua dera hakukubali namba yake izunguke mjini. Lakini kwa kazi ya kulinganisha, maana yake ni kwamba anayeuza kwa wingi anahitaji Paybill, ambayo humtaka mlipaji aweke namba ya akaunti. Mpe kila mteja namba ya oda iwe ndiyo akaunti yake, fupi, ya tarakimu tupu, isiyochanganya herufi O na sifuri. Hapo hata malipo ya mkono yanajipanga yenyewe.

Usafiri ni sehemu ya malipo kuliko watu wanavyodhani. Kiasi kikishatumwa kwenye simu ya mteja hakiongezeki, kwa hivyo gharama ya kufikisha mzigo lazima ijulikane kabla. Kutoka Mtopanga kwenda Changamwe boda hupita Nyali na Makupa bila kulipia njia. Kwenda Likoni inashuka hadi feri, na huko mwenda kwa miguu huvuka bure lakini pikipiki hulipa, tena kuna foleni ya jioni inayokula muda wa dereva. Duka linaloweka bei moja kwa "Mombasa yote" linamtoza mtu wa Bamburi ili limsaidie mtu wa Shika Adabu. Panga bei kwa mtaa.

Halafu kuna wasiotaka kulipa kabla ya kuona. Sioni sababu ya kuwalaumu. Waliowahi kutuma pesa kwa picha na wasipate kitu ni wengi. Njia ninayoiona inafaa ni kugawa: usafiri ulipwe wakati wa kuagiza, bidhaa ilipwe mlangoni. Mteja akitoweka, dereva hajavuka bure. Mlangoni dereva abonyeze kitufe cha oda hiyo kwenye simu yake, seva ya duka itume ombi kwa mteja, pesa iende kwa duka moja kwa moja. Dereva asubiri duka liseme imeingia. SMS anayoonyeshwa kwenye simu ya mteja isihesabiwe kuwa uthibitisho, kwa kuwa kuitunga SMS inayofanana na ya M-Pesa si kazi kubwa.

Mgawo huu una dai lake la kiufundi. Oda moja sasa ina malipo mawili, pengine matatu kama mteja alirudisha dera moja na kuongeza mtandio. Hifadhidata yenye sehemu moja ya "imelipwa, ndiyo au hapana" haiwezi kubeba hali hiyo. Malipo yawe na jedwali lake, kila mstari na risiti yake, na deni la oda likokotolewe kutokana na mistari hiyo. Pesa ikirudishwa, uongezwe mstari mpya wa kutoa. Ule wa kwanza uachwe ulivyo. Mteja anaweza pia kuomba M-Pesa imrudishie pesa kwa kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456, na ombi la namna hiyo linaweza kuja wakati mzigo umeshapakiwa. Duka lenye mistari kamili litakuwa na la kuonyesha.

Jamaa walio Dubai au Maskati hulipia watu wa nyumbani kwa kadi ya benki. Kwa hao, mkabidhi mpatanishi kama Pesapal, kampuni ya Nairobi iliyoanza 2009, na namba za kadi zisiguse seva yako kabisa. Kumbuka tu kwamba malipo ya kadi yanaweza kupingwa benki wiki kadhaa baadaye, kwa hivyo ushahidi wa mzigo kupokelewa utunzwe.

Kila jioni, shusha taarifa ya akaunti kutoka Safaricom na uilinganishe na jedwali la malipo, risiti kwa risiti. Ada nazo zionekane: kwenye till hukatwa upande wa muuzaji, na kwenye Paybill hutegemea mpango uliochagua, kwa hivyo kilicholipwa na kilichoingia si namba moja. Risiti zilizopo pande zote mbili zimekwisha. Iliyo kwenye taarifa na haipo dukani ni mteja aliyelipa na habari yake ikapotea njiani. Mtafute usiku huohuo, asilale akidhani ameibiwa. Iliyo dukani na haipo kwenye taarifa ndiyo ya hatari. Zuia mzigo kwanza, hata kama boda imeshafika feri, kisha ndipo uanze kuuliza maswali.