Boneti Iwe Baridi: Jinsi Tulivyokagua Golf GTI Karagita

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa asubuhi, baridi ya Ziwa Naivasha bado imetanda Karagita, wafanyakazi wa mashamba ya maua wakipita kwa makundi kuelekea kazini. Boneti ilikuwa na joto kama sufuria ya chai.

"Nimelipasha kidogo, mzee. Baridi hii si unaiona," muuzaji akasema.

Nilimshukuru, kisha nikamwambia kijana aliyeniomba nimsindikize kwamba tutarudi kesho, na gari lisiguswe kabla hatujafika. Muuzaji hakufurahi. Lakini injini iliyopashwa moto ni shahidi aliyefundishwa la kusema. Mambo mabaya zaidi ya injini hii husikika katika sekunde chache za kwanza baada ya kulala usiku kucha, na sekunde hizo alikuwa amezitumia peke yake.

Gari lenyewe lilikuwa Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha sita: hachibaki ya lita 2 yenye turbo, nguvu farasi 210, giaboksi ya klachi mbili (DSG). Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hachibaki kali huivuruga methali hiyo, kwa maana hata mbovu hujiuza: ukikanyaga mafuta mara moja, sauti inamaliza biashara. Ndiyo sababu niliamua kukagua kwa utaratibu ambao sauti haina nafasi.

Utaratibu huo una wazo moja tu. Ukinunua Vitz ya kawaida, unanunua mashine. Ukinunua hachibaki kali, unanunua tabia za aliyeiendesha. Oili aliyoweka, vumbi aliloruhusu kuingia, kompyuta aliyoichezea: yote yamo ndani ya chuma, nawe ndiwe utakayelipa.

Karatasi kabla ya chuma

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Kwa hiyo Golf GTI ya kizazi cha tano, iliyotoka 2004, au ya sita, iliyotoka 2009, ukiikuta inauzwa leo ujue imeishi hapa miaka mingi. Karatasi ya mnada wa Japani ambayo muuzaji anaitoa kwa fahari inasimulia ujana wa gari tu. Haijui lolote kuhusu matuta ya Moi South Lake Road.

Tulianza na rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, kupitia tovuti ya eCitizen: jina la mmiliki, namba ya chasi, namba ya injini, na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikishwa pamoja na mmiliki. Mkopo wa logbuku usiolipwa hufuata gari, haumfuati aliyeukopa.

Kisha tukasoma chasi yenyewe. Toyota iliyotoka Japani huwa na namba fupi, lakini Golf, hata iliyopitia Japani, hubeba tarakimu na herufi 17 za kiwanda. Nafasi ya saba na ya nane husema kizazi: 1K ni cha tano au cha sita, AU ni cha saba. Nafasi ya kumi husema mwaka wa modeli: A ni 2010, B ni 2011, C ni 2012. Ya kwetu ilikuwa B, na logbuku ilikubaliana nayo. Herufi za injini ya GTI ya kizazi hiki huanza na CCZ. Ukikuta nyingine, uliza ile ya kwanza ilikufa vipi, na kama badiliko hilo limeandikishwa.

Mwisho, mikanda ya usalama. Tuliivuta yote hadi mwisho. Lebo iliyoshonwa chini huwa na tarehe ya kutengenezwa, na mkanda mpya kuliko gari mara nyingi ni dalili ya ajali. Alama ya tope kwenye sehemu ambayo kwa kawaida hujificha ndani ni habari nyingine. Sisi tulioona maji ya ziwa yakiingia mtaa wa Kihoto hatuhitaji kuelezwa kwamba gari linaweza kuzama likiwa limeegeshwa. Tuliinua pia zulia la buti na kugusa waya chini ya viti. Palikuwa pakavu.

Sekunde tano za kwanza

Kesho yake boneti ilikuwa baridi. Kijana akawasha, mimi nikasimama upande wa cheni.

Cheni ya taimingi ya injini hii hukazwa na kifaa kinachosukumwa na presha ya oili. Gari likilala, presha hushuka, na kinachozuia kifaa kisirudi nyuma ni kibano kidogo cha chuma. Kwenye toleo la zamani kibano hicho huchoka. Kikiachia, cheni hulegea na kuruka meno, vali hukutana na pistoni, na injini inakuwa chuma chakavu kwa mzunguko mmoja wa stata. Volkswagen ilibadilisha muundo wake takriban mwaka 2012, kwa hiyo gari la 2011 ni lazima liulizwe swali hili. Mlio wa cheni kukwaruza unaozidi sekunde chache wakati wa baridi ndio onyo kubwa utakalopata bila kufungua kitu. Kifuniko cha chini kina tundu lenye kizibo, na fundi anayeijua injini anaweza kuchungulia hapo aone ni toleo gani limefungwa.

Injini iliwaka bila kukwaruza. Muuzaji akatoa risiti ya kikaza kipya. Kwa hilo nilimwekea alama nzuri.

Wanaotazama kizazi cha tano wana kazi tofauti. Injini ile inatumia mkanda, si cheni, na ugonjwa wake uko chini ya pampu ya mafuta ya presha kubwa: kikombe kidogo cha chuma kinachosuguliwa na kamishafti. Ondoa skrubu tatu, toa pampu, kitazame. Kikiwa cheusi, kizima. Kikiwa kimeng'aa, kinaisha. Kikiwa na tundu, funga mkoba uende nyumbani.

Tuliiacha yetu iungurume dakika kumi, kisha kijana akapandisha mizunguko ghafla nami nikitazama bomba la moshi. Moshi wa samawati baada ya kuungurumisha ni oili inayopita kwenye turbo au kwenye ringi za pistoni, na injini hizi zinajulikana kwa ringi zinazokula oili. Moshi haukuwepo, lakini risiti za oili zilinipa wasiwasi. Kiwanda kinataka oili nyepesi yenye kibali cha VW 502.00, kama 5W-40. Risiti moja ilikuwa ya 20W-50, oili nzito tunayomwagia magari ya kizamani. Asubuhi ya baridi oili hiyo huchelewa kufika kwenye turbo, na turbo haina subira.

Hewa ya mita 1,890

Hapa Naivasha tuko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na turbo, tuseme ya Vitz RS au Suzuki Swift Sport ya zamani, hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, na hakuna ufundi mdogo unaoweza kuzirudisha. Turbo hufidia kwa kuzunguka kasi zaidi. Dereva haoni tofauti, lakini turbo inaiona: kazi iliyokuwa nyepesi Mombasa inakuwa kubwa hapa.

Kwa mnunuzi hilo ni jambo zuri. Turbo iliyochoka inaweza kujificha pwani, lakini haiwezi kujificha kwenye mlima wa Kinungi. Tulipanda huko gia ya nne, mguu chini, tukisikiliza. Mluzi mwembamba ni wa kawaida. Sauti ya king'ora, au nguvu inayokuja kwa mawimbi, si ya kawaida. Maji nayo huchemka hapa karibu nyuzi 94, kwa hiyo mfumo wa kupoza unategemea sana kifuniko chake kushika presha. Tuliposimama tulimulika kurunzi kwenye nyumba ya plastiki ya pampu ya maji. Utando wa waridi uliokauka ungekuwa ushahidi wa kuvuja. Haukuwepo.

Giaboksi tuliipima kwenye mteremko: kuachia breki polepole, kurudi nyuma, kupanda tena, kushuka kutoka gia ya pili hadi ya kwanza kwenye foleni. DSG ya gia 6 ina klachi zinazoogelea kwenye oili, na oili hiyo pamoja na chujio lake hubadilishwa kila kilomita 60,000. Haikutetemeka wala kugonga. Lakini risiti ya oili yake haikuwepo hata moja, na muuzaji alidhani haibadilishwi kamwe. Hiyo ndiyo tabia ninayoizungumzia.

Kidole kwenye bomba

Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu mashindano ya 2002, hachibaki kali kuliko zote duniani huja Naivasha kila mwaka. Mwaka 2022 na tena 2023, Toyota zenye umbo la GR Yaris zilichukua nafasi nne za kwanza. Walioenda kutazama hatua ya Kedong watakumbuka kitu kimoja: bomba la hewa lililopandishwa kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Si pambo. Vumbi letu ni majivu ya volkano, na volkano iliyotupa obsidiani pale Hell's Gate imetupa pia punje za kioo zisizoonekana. Vumbi hilo ni zito zaidi kwenye kimo cha gurudumu. Juu, hewa ni safi kidogo. Timu zenye mafundi wanaolifungua gari kila jioni zinaliogopa vumbi hili kiasi cha kubadilisha njia ya kupumua.

Sasa fungua boneti ya GTI yetu. Sanduku la chujio la kiwanda halikuwepo. Mahali pake palikuwa na koni: chujio la wazi lililofungwa moja kwa moja kwenye bomba, linalofyonza hewa ya ndani ya boneti na kutoa ile sauti inayogeuza vichwa. Muuzaji alisema aliifunga msimu wa mashindano.

Niliondoa koni, nikapitisha kidole ndani ya bomba, upande uliopaswa kuwa safi. Kidole kilitoka na rangi ya barabara. Tukaingiza kamera ndogo ya waya hadi kwenye turbo. Ncha za mapanga ya kompresa, ambazo hutakiwa kuwa kali kama wembe, zilikuwa zimeviringika na kutoboka-toboka. Kilichoyala mapanga kimepita kikaenda kwenye silinda pia, na kuta za silinda hazina kamera ya kuwatetea.

Skana ilikamilisha hadithi. Hakukuwa na msimbo hata mmoja wa hitilafu, lakini majaribio ya ndani ya kompyuta yalionyesha hayajakamilika, na mara nyingi maana yake ni kwamba kumbukumbu ilifutwa muda si mrefu. Kwenye moduli ya milango, ambayo wafutaji huisahau, tulikuta hitilafu ndogo ya zamani. Hitilafu hizo huhifadhi kilomita za siku zilipotokea. Zililingana na dashibodi, kwa hiyo hakukuwa na dalili kwamba kilomita zilirudishwa nyuma. Niliandika hilo pia, kwa sababu ukaguzi si kutafuta ubaya tu.

Hesabu

Tuliketi kwenye kibanda cha chai tukagawa karatasi mara mbili. Upande wa kwanza: hati safi, cheni salama, bodi isiyo na dalili ya kugongwa, kilomita zinazolingana. Upande wa pili, madeni ya gari: turbo, oili na chujio la DSG, sanduku la chujio la kiwanda, bushi mbili za mbele ambazo matuta yamezimaliza, tairi za kuta nyembamba zilizolika kwa ndani. Na deni moja lisilo na bei: hali ya silinda. Hilo lingehitaji kipimo cha presha kwa kila silinda, plagi zikiwa nje.

Tulimwomba muuzaji ruhusa ya kipimo hicho kwa gharama yetu. Alikataa. Alisema gari linajieleza lenyewe, na kwamba kuna wengine wanaolitaka bila maswali. Hakudanganya. Kijana alilitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeaga, kisha akarudisha pesa zake mfukoni.

Lilinunuliwa wiki hiyohiyo. Nimeshaliona mara mbili likipita Karagita jioni, nyuma ya lori la maua, kwenye vumbi la pembeni mwa lami. Sauti yake bado tamu. Koni bado ipo.