Sakafu, Saruji na Makombe: Zege la Mikahawa ya Sydney na Nyumba Zetu za Chokaa

Msomaji akifungua kamusi ya Kiarabu kulitafuta neno letu la sakafu, atalikuta saqf, nalo kwa Waarabu ni dari au paa la nyumba. Sisi watu wa pwani tumeliteremsha mpaka likawa ni pahala pa kukanyaga. Walioliteremsha hawakukosea, kwani katika nyumba ya ghorofa dari ya aliye chini ndiyo anayoikanyaga aliye juu. Neno la pili ni saruji. Al-Jawhari, katika kamusi yake ya Sihah, ameeleza kuwa saruj ni nura, yaani chokaa, pamoja na michanganyiko yake, na kwamba asili yake ni Kiajemi, kwa sababu herufi za sad na jim hazikutani katika neno moja la Kiarabu cha asili. Oman jina hilo limebaki kwa udongo uliochomwa, ukapondwa na kuchanganywa na chokaa, ambao ndio uliokandikwa ndani ya mifereji ya aflaj na katika kuta za ngome. Kwetu sisi, simenti ya mifuko ilipoingia bandarini, neno la zamani lilihamia kwenye kitu kipya, na leo fundi wa Unguja akisema saruji hamaanishi kingine.

Tumeanza na maneno haya kwa sababu tulikuwa nayo kichwani muda wote tuliokaa Sydney kwa binti yetu. Huko zege limekuwa pambo. Ukiingia katika mkahawa mpya, sakafu ni zege lililosuguliwa mpaka linang'ara kama maji, kaunta ni ubao mmoja wa zege uliomiminwa kwa kipimo cha chumba kile na hakuna mwengine kama huo, na ukuta umepakwa rangi ya majivu yenye mawingu. Wapo mafundi ambao kazi yao ni hiyo tu: kumtengenezea mwenye duka, hoteli au nyumba ya mvinyo uso wa zege wa peke yake. Sisi tuliosoma historia tumezoea kusoma karatasi. Lakini kuta nazo husomwa, na tumeona inafaa kuwaeleza wasomaji wetu tuliyoyasoma humo, khasa wale wenye nyumba zao za urithi Mji Mkongwe, Lamu au Mombasa.

Tuanze na lililotuudhi. Tulialikwa chakula cha usiku katika mkahawa mmoja, jina lake tunaliwacha, ambao mapambo yake, tuliambiwa, yamechukuliwa pwani ya Afrika Mashariki. Ukutani mlikuwa na vidaka, au zidaka kama wasemavyo Lamu, safu tatu, vyenye matao mazuri. Tuliinuka tukavigusa. Vilikuwa vyepesi na vikilia utupu. Ukuta wenyewe ulikuwa mabao ya jasi, na juu yake mikrosimenti, ambayo ni kipako cha simenti na gundi chenye unene wa milimita mbili au tatu. Kidaka cha Lamu kimechongwa katika lipu ya chokaa juu ya ukuta wa mawe ya bahari wenye unene wa mkono mzima, na kilikuwa na kazi: kuwekea vyombo vya Kichina, kumpokea bibi harusi, kuonyesha wenye nyumba ni nani. Hivi vya Sydney vilikuwa na taa ndogo na chupa. Hatumlaumu mwenye mkahawa kwa kupenda umbo letu. Tunachomlaumu ni kuuita urithi, kwani urithi una uzito wake na una mtu aliyeubeba.

Siku nyengine tulipelekwa Bennelong, mkahawa ulio ndani ya Jumba la Opera, chini ya magamba madogo kuliko yote ya jumba hilo. Hapo tulinyamaza. Mbavu za zege zinaanza chini karibu na miguu ya wanaokula, zinapanda na kukutana juu, na hakuna kipako kilichozifunika. Jørn Utzon, Mdenmark aliyeshinda mashindano ya ramani mwaka 1957, alipata shida ya miaka kadhaa kabla ya kujua magamba yake yatajengwaje, mpaka ilipopatikana njia ya kuyakata yote kutoka katika tufe moja. Kwa njia hiyo vipande 2,194 viliweza kumiminwa chini katika kalibu chache zilizorudiwa, kisha vikapandishwa na kufungwa pamoja kwa nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu. Unapoukaa mkahawa ule unaiona hesabu yenyewe. Unaona kipande kimoja kimeishia wapi na cha pili kimeanza wapi. Uso wa zege pale umetokana na kazi ya zege, nalo linabeba paa. Husafishwa kwa bikaboneti ya soda, ile ile ya jikoni, ili dawa kali zisiliharibu. Utzon mwenyewe aliondoka mwaka 1966 baada ya mzozo na serikali, jumba likafunguliwa mwaka 1973, naye hakurudi kuliona. Wasomaji wetu wa Ghuba wanaweza kuutazama mkono wake Kuwait, katika jengo la Bunge, ambalo nalo ni zege lililotandazwa kama hema.

Lakini mwanahistoria hawezi kuridhika na ukuta peke yake. Lazima aulize chini yake pana nini. Ncha ile ya ardhi Wagadigal waliiita Tubowgule. Waingereza walipofika mwaka 1788 walikuta chungu ya makombe ya chaza, mabaki ya vyakula vya watu waliokaa pale tangu zama ambazo hazina hesabu kwetu. Wageni hawakuwa na mawe ya chokaa karibu. Basi wafungwa walioletwa kutoka Uingereza, na wanawake wao wakiwamo, walitumwa kukusanya makombe yale yachomwe, na chokaa yake ikajengea nyumba ya kwanza ya Gavana Phillip. Kwa muda pahala pale paliitwa Ncha ya Wachoma Chokaa. Jina la Bennelong ni la mtu wa kabila la Wangal aliyetekwa kwa amri ya gavana huyo huyo mwaka 1789, kisha akawa mpatanishi, na mwaka 1790 akajengewa kibanda cha matofali pale pale. Makombe hayo yalikuwa ni kumbukumbu ya watu wasiokuwa na maandishi, na yakageuzwa lipu. Baadaye kazi ya kuchoma makombe ilipelekwa kaskazini, kwenye mlango wa mto Hunter, ikawa ni adhabu kwa wafungwa wakaidi, kwani chokaa kali huchoma mgongo ulio wazi na macho. Leo bonde la mto huo lina mashamba ya mizabibu na majumba ya kuonjea mvinyo. Sisi hatukuwa na haja ya kuonja, lakini tunasadiki wanayosema, kwamba zege nene lina maana katika ghala la mvinyo kwa kuwa huzuia joto lisipande na kushuka. Huko angalau lina kazi. Lakini anayesugua kaunta ya zege katika bonde la Hunter, ingefaa ajue kuwa chokaa ya mwanzo ya mto ule ilichomwa na nani.

Kiwanda cha tatu si cha biashara, nacho ni msikiti wa Punchbowl, magharibi ya mji, ramani ya Angelo Candalepas, uliopewa nishani ya Sulman mwaka 2018. Tunautaja kwa kuwa unakamilisha hoja. Ndani yake pana kuba ndogo za zege zaidi ya mia moja zilizopangwa kwa ngazi kama muqarnas, kila moja na tundu dogo la kuingiza nuru, na Majina Mazuri ya Mwenyezi Mungu yameandikwa humo kwa mkono kwa rangi ya dhahabu. Zege lile lina alama za mbao za kalibu, halikupakwa wala kusuguliwa. Muqarnas tulizozizoea za jasi hutundikwa tu, hazibebi kitu. Hizi zimemiminwa pamoja na ukuta. Wako wenzetu waliotwambia msikiti ule ni mkavu, hauna zulia la macho. Sisi tuliona utulivu, na tuliona fundi wa kileo amefanya kwa zege alilolifanya fundi wa zamani kwa chokaa: umbo limetoka katika kitu chenyewe.

Sasa turudi nyumbani, kwani huko ndiko tunakokusudia. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo juu ya magogo, ikazimwa kwa maji na kuwachwa muda mrefu iive. Juu ya boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliopima upana wa vyumba vyetu, vilipangwa vipande vya mawe, kisha likamwagwa tabaka la kokoto na chokaa. Tabaka hilo lilipigiliwa. Neno kupigilia limo katika kamusi zetu za kale, na maana yake ni kuipiga sakafu kwa vipande vya mti, siku baada ya siku, mpaka ishikane isipitishe maji. Wageni wa karne ya 19 waliandika jinsi wanawake walivyokaa safu wakipiga kwa mwendo mmoja na kuimba. Aghlabu wanawake hao walikuwa watumwa. Tunajua kuwa maneno haya si mepesi katika jarida kama hili, ambalo wasomaji wake wengi ni watoto na wajukuu wa wenye nyumba. Lakini hatuwezi kuwadai watu wa Sydney wayakumbuke makombe ya Wagadigal, ilhali sisi tunaisifu sakafu ya babu bila ya kumtaja aliyeipigilia.

Nyumba hizo zinaondoka, na mara nyengine zinaondolewa na mapenzi yetu. Nyumba ya babu yetu mzaa mama, Mkunazini, ilikuwa ikimwaga lipu kila baada ya masika. Katika miaka ya 1990 sisi jamaa tulio nje tulichanga fedha, akatafutwa mkandarasi, naye akazikwangua kuta akazipiga saruji ndani na nje. Tulipelekewa picha, tukafurahi: nyumba imekuwa mpya. Baada ya miaka michache kuta zikavimba. Ukuta wa matumbawe hunywa maji ya ardhini na chumvi yake, na chokaa huuwacha upumue. Saruji huufunga pumzi. Maji yasipopata njia hubaki ndani, chumvi ikaganda, mawe yakalegea, na saruji ikabanduka kwa mapande makubwa ikichukua na jiwe lililokuwa nyuma yake. Upande mmoja wa nyumba ile sasa hauna paa. Mkandarasi alifanya alichoambiwa. Fedha zilikuwa zetu na furaha ilikuwa yetu.

Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilianguka wakati wa matengenezo, na mafundi wawili wakafa. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na Mamlaka yake ya hifadhi ipo tangu 1985. Orodha na mamlaka havipigi lipu. Wanaoipiga ni mafundi, na mafundi wa chokaa ni wazee. Ujuzi upo bado: Zahanati ya zamani pale Mizingani, iliyotengenezwa katika miaka ya 1990 kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, ni ushahidi ulio wazi kwa yeyote anayepita.

Basi kwa wenye nyumba walioko Maskati, Dubai, London au Sydney, ushauri wetu ni mdogo. Kabla ya kutuma fedha, ulizeni ukuta umejengwa kwa kitu gani na umpake cha jinsi yake. Mkitumiwa picha ya ukuta mweupe unaong'ara, ulizeni ni chokaa au ni saruji. Mkisikia fundi mzee yu hai anayejua kuchoma, kuzima na kupaka niru, mpelekeeni kijana wa kumsikiliza na kuandika majina ya zana zake. Na mkiandika tarikhi ya nyumba, pamoja na jina la aliyeijenga, tieni na la aliyeipigilia, mkilipata. Binti yetu ametuambia ataanza na nyumba ya Mkunazini. Upande uliobaki bado una sakafu ya zamani, na tumemwomba asiiguse mpaka tufike.