Velua za Kasai: kitambaa kidogo kina kazi gani?

Tuseme ukweli: vile vitambaa vidogo vya rafia vya Wakuba, vyenye tunaita velua za Kasai, tunavitundika ku ukuta wa saloni, njo basi. Hata Matisse, mchoraji wa Ufaransa, alivitundika mu chumba chake cha kuchorea. Mimi naona hiyo ni heshima nusu.

Mwanaume anafuma rafia, mwanamke anatarizi juu yake. Kipande kimoja kinaweza kula miezi. Kazi zake zilijulikana: mahari, kumaliza kesi, kumvalisha maiti. Na zile sketi ndefu za sherehe ni vipande vingi, vya mikono tofauti, vimeshonwa pamoja. Yaani kipande kidogo kilikuwa kinangojea wenzake.

Nyuma ya kioo tunaona maua tu. Mikono ya bamama inapotea. Sisi wenye tulisoma, tuvirudishe mu harusi na mu matanga yetu, tena tulipe bei yenye kulingana na ile miezi. Kama hakuna mwenye kuvitumia, nani atamufundisha binti yake kutarizi? Weye unasema je?